Malalamiko kuhusu chaja ya gari la kulala mliyoniuzia

Kwa meneja wa duka,

Habari za kazi. Mi ni mteja wenu wa Kimara, mwezi wa sita nilikuja hapo dukani kwenu Kariakoo kununua chaja ya betri za nyuma za Hiace yangu, ile niliyoifunga kitanda, friji na taa za kulalia safarini. Kabla sijatoa hela nilieleza kila kitu, betri ni mbili za AGM (zile zilizozibwa, haziongezwi maji), 12V, kila moja 100Ah (yaani inatoa ampea 100 kwa saa moja, au 1 kwa saa 100), zimeungwa zinakuwa 200Ah, na picha ya lebo nikamuonyesha kijana wenu kwenye simu. Akasema hii inachaji betri yoyote bosi, ndo wanayofunga kwenye magari ya kulala Marekani. Nikaamini, nikalipa.

Kweli ni ya Marekani na hapo ndo tatizo linapoanzia. Inataka umeme wa 120V, wetu ni 230V, mkaniongezea transfoma ya kushusha umeme ya wati 500. Sasa jamani chaja imeandikwa ampea 45, zidisha kwa volti 13.6 unapata wati 612, na hizo ni zinazotoka tu, zinazoingia lazima ziwe nyingi zaidi maana nyingine zinapotea kwenye joto. Ya 500 itabebaje? Betri zikiwa chini ilikuwa inachemka mpaka inanuka, naamka usiku kwenda kuichomoa.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni betri. Fundi wangu wa Gerezani kaweka mita, hiyo chaja haivuki volti 13.6 hata uiache usiku kucha. Lebo ya betri, ileile niliyowaonyesha, inasema kwa betri ya kutumia na kuchaji kila siku inatakiwa ipande mpaka 14.4 hadi 14.7, ikishajaa ndo ishuke kwenye 13.5 au 13.8 ya kuitunza. Ya kwenu inaanza na ya kutunza na inamaliza na hiyohiyo. Miezi minne betri hazijawahi kujaa vizuri, plate za ndani zimeshika salfeti (ule ukoko unaozuia betri kuchaji), moja haitunzi chaji tena.

Mwezi wa kumi nilikuwa nampeleka mama Iringa kwenye arobaini ya mdogo wake, alinunua changu na nguru Feri kwa hela yake mwenyewe awapelekee wenzie. Friji inakula kama ampea 4, hata nusu ya 200Ah ilitakiwa ivushe siku nzima (chaji ya injini nilikuwa bado sijaiunga nyuma, nilitegemea chaja yenu). Tunafika Mikumi jioni friji ilishazima zamani, samaki wote tumemwaga. Mama hakusema kitu ila nilimuona.

Nimerudi dukani mara mbili naambiwa waranti haihusu kitu alichofunga mteja, wakati aliyefunga ni fundi mliyenipa nyie wenyewe!

Naomba mnirudishie hela ya chaja na transfoma, au mnipe chaja inayoingia 230V moja kwa moja, ya hatua tatu (inachaji kwa nguvu, inamalizia kujaza, halafu inashuka kutunza), yenye chaguo la AGM, ampea 20 mpaka 40 inatosha. Na betri iliyokufa tuizungumze. Risiti na picha za mita nimeambatanisha. Nasubiri siku saba, kimya kikizidi hapo naenda Tume ya Ushindani na karatasi hizihizi.

Mteja wenu, Kimara