Mwanangu, Tafuta Mjomba Huko Chuoni

Mwanangu mpendwa,

Umeondoka juzi, na kiti chako cha pembeni ya dirisha bado hakijapata mwenyewe. Wadogo zako wanakizunguka tu. Mwaka wako wote wa kwanza wa chuo, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, uliusomea hapo, simu umeiegemeza kwenye rundo la vitabu, daftari gotini, sikio moja kwa mhadhiri na jingine kwetu. Leo nimekikalia mimi, nikuandikie yale niliyoshindwa kuyasema ulipokuwa unafunga begi.

Naanza na linaloniuma. Siku ile nilipokuita unisaidie kusogeza kabati, nilikuona umeinamia simu nikadhani unapiga soga na wenzako. Ulikuja, ukasogeza, ukarudi kitini bila kusema neno. Miezi mitatu baadaye mdogo wako akaropoka kwamba ulikuwa katikati ya mtihani na dakika zilikuwa zinahesabika. Sikujua kama mtihani wa chuo unaweza kufanyiwa kwenye simu. Mtihani ninaoujua mimi una ukumbi, madawati yaliyoachana na msimamizi anayepita huku na huku. Nisamehe, mwanangu. Na nakuomba, usiniheshimu tena kwa kunyamaza. Ungesema tu, "Mama, nina mtihani," kabati lingesubiri.

Niliona pia ulivyokuwa ukizima kamera kila nilipopita nyuma yako. Sikukulaumu wala sikulaumu sasa. Nakutajia ili ujue niliona, usije ukaendelea kubeba peke yako jambo ambalo nami nalijua.

Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza korona kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, tulikuwa bado tunaisubiri barua yako ya udahili. Baadaye nikasikia UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, imehesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani ambao shule na vyuo vyao vimefungwa. Nikajifariji: si mwanangu peke yake. Faraja ile sasa naiona ilikuwa nusu. Mlango ulifungwa kwa wote, ni kweli, lakini wenzako wengine walifungiwa ndani pamoja na watu waliokwishapita chuoni. Wewe ulifungiwa na mimi.

Unalikumbuka lile somo lililokutesa muhula mzima hadi ukapata sapu, ule mtihani wa marudio? Kumbe ulikuwa na haki ya kulibadilisha katika wiki mbili za mwanzo. Tangazo lilikuwepo, limejificha chini kabisa ya ukurasa, limeandikwa kwa lugha ya ofisi. Mwenzako alilijua kwa sababu dada yake alisoma hapo hapo. Dada hakumfundisha hesabu wala nadharia, alimwambia tu, "Kama limekushinda, libadilishe kabla ya Ijumaa." Sentensi moja. Mimi sikuwa nayo ya kukupa, na chuo kilichofungwa kilikunyima mahali pa kuiokota. Maana mambo haya huokotwa njiani: kwenye foleni ya kujisajili, kwenye ngazi mhadhara ukiisha, kwa yule aliyekaa kiti cha jirani. Kwenye simu mhadhara ukiisha kioo kinakuwa cheusi, na kila mtu anabaki nyumbani kwake.

Uliwahi kunisimulia habari za Isaac Newton, yule mwanasayansi wa Uingereza, kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge kilipofungwa mwaka 1665 kwa sababu ya tauni, alirudi kwao na huko akafanya makubwa katika hesabu na mwanga. Mhadhiri wenu aliwapa mfano huo kuwatia moyo. Ukanitazama kwa uso ulioniambia, "Na mimi nimefanya nini?" Sikuwa na jibu, lakini nilikwenda kumsoma huyo mtu. Mwanangu, baba yake Newton hakuweza hata kuandika jina lake mwenyewe! Alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake alimtoa shule akamtaka asimamie shamba. Na alipofika Cambridge mwaka 1661, aliingia kama mwanafunzi wa kuwatumikia wenzake wenye uwezo, ili apate kusoma. Halafu tauni ilipoingia alikuwa na miaka minne ya chuo mgongoni. Wewe janga lilikukuta hujavuka hata lango. Usijipime kwake.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikusikia mkikitaja. Newton alikuwa na mjomba. Kaka wa mama yake alisoma Cambridge, na yeye pamoja na mwalimu wa shule wa Newton ndio waliomsihi mama amrudishe kijana masomoni. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakaa kimya. Nikamwona yule mama na shamba lake, nikajiona mimi na kabati langu.

Mjomba wa namna hiyo sina wa kukupa. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza, na kifungua mimba wangu juu yake. Basi mtafute huko. Zile saa ambazo wahadhiri wanaandika kwamba wako ofisini kwa ajili ya wanafunzi, uliniambia unadhani ni za waliofeli. Si kweli, ni za wote, na wewe nenda hata na swali dogo. Mtafute wa mwaka wa tatu mnayesoma kozi moja, umuulize ni nini alitamani angekijua mapema. Mzoee mkutubi. Kuuliza si ujinga, na hao watakaokuuliza, "Kwani hukujua?" wajibu kwamba hukujua, kisha usubiri jibu.

Najua utaingia ukumbini na barakoa yako, uwaone mwaka wa kwanza wanaijua njia ya maktaba kama wewe tu, na wewe ni wa mwaka wa pili. Utaona aibu kuuliza mlango uko wapi. Uliza siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla aibu haijaota mizizi.

Na jambo likiharibika, niambie lingali bichi. Ile sapu uliificha wiki sita. Nilikuona hulali, nikadhani ni ugonjwa, nikawa nakuja usiku kukugusa paji la uso. Sitaelewa kila neno la chuo utakalonitajia, lakini ninao muda, nitakusikiliza hadi umalize, na usiku huo tutakesha wawili.

Wadogo zako wanakusalimu. Yule mdogo anauliza kama sasa anaweza kukikalia kiti. Nimemwambia akae na vitabu vyake.

Nitakuwa nakupigia jioni. Nikisahau nikapiga ukiwa darasani, usipokee.

Mama yako