Karakana za vyuo vikuu zisifungwe saa kumi na moja

Mhariri,

Kwa miaka 19 nilishika funguo za karakana ya chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Nilistaafu mwaka jana, sasa nina kibanda cha kuchomelea vyuma Katwe. Juzi kijana wa jirani yangu, anayesomea uhandisi mwaka wa tatu palepale nilipofanya kazi, aliniambia mlango ule bado unafungwa saa kumi na moja jioni. Nimeshindwa kunyamaza.

Saa kumi na moja ndipo vipindi vinapokwisha. Mwanafunzi anatoka darasani na wazo lake kichwani, anakuta kufuli.

Kulikuwa na binti kutoka Masindi aliyekuwa akitengeneza mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Mchoro wake ulikuwa safi na alama alishapewa. Siku tulipoijaribu, punje zikatoka zimepasuka, unga kila mahali. Alidhani meno ya ngoma, lile pipa linalozunguka ndani ya mashine, ni makali mno. Mimi pia nilidhani hivyo, tukayapiga tupa jioni nzima, punje zikazidi kupasuka. Kisha akachukua punje moja akaibonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama. Mahindi yalikuwa mabichi! Alikuwa ameyanunua sokoni asubuhi ileile. Akayaanika juani siku mbili, akarudi, na safari hii punje zikamwagika nzima. Ila mahindi membamba yalipita chini bila kupukuchuka, basi akatoboa fremu na kutia bolti mbili za kupandisha na kushusha wavu ulio chini ya ngoma. Bolti hizo hazikuwamo katika mchoro wake.

Kazi hiyo ilichukua jioni nne, na zote nne nilimfungulia kinyume cha amri. Nilipewa barua ya onyo. Nikasaini, nikaendelea kufunga saa kumi na moja kama nilivyoagizwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wakuu walisema ni kwa ajili ya usalama. Naheshimu hoja hiyo, kwa kuwa nimeona damu kwenye mashine ya kukatia. Lakini aliyejikata vibaya zaidi katika miaka yangu alijikata dakika kumi kabla ya kufunga, akikimbizana na saa, na mimi nimesimama mlangoni na funguo mkononi. Haraka ndiyo iliyomkata. Suala la mabinti kurudi hosteli usiku ni zito kweli, na chuo kilipangie askari wa kuwasindikiza.

Tukumbuke tulikotoka. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake, na katika wanafunzi wake wa mwanzo alikuwamo Gregory Maloba, Mkenya aliyekuja kuchonga Mnara wa Uhuru tunaoupita kila siku mjini Kampala. Baraza halina kufuli. Na mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere walituonyesha gari la umeme la watu wawili, Kiira EV. Gari la namna hiyo haliundwi kwa kunakili ubaoni.

Ninachoomba si majengo mapya. Karakana zilizopo ziwe wazi mpaka saa nne usiku, awepo fundi wa zamu na daftari la kuandika nani ameingia na anatumia mashine gani. Mlango usiwe wa wahandisi peke yao. Wa sanaa na wa kilimo waingie pia, kwani yule binti angemwonyesha mwanafunzi wa kilimo mahindi yake, jioni ile ya kupiga tupa isingepotea. Na kila karakana iwe na sanduku la mabaki: vipande vya bomba, pau, mbao, beringi kuukuu. Langu niliamriwa kulitupa siku ya ukaguzi, eti ni uchafu, na zile bolti mbili zilitoka humo.

Kama fundi wa zamu ndiye anayekosekana, mimi nipo. Jumanne na Alhamisi nafunga kibanda mapema, naweza kukaa nao bila malipo muhula mzima. Kinyago changu cha kuchomelea nitakuja nacho.

Mtunza karakana mstaafu,
Katwe, Kampala