Picha na sauti kwenye riwaya za wanyama: zichekeshe au zitoke

Mhariri, salaam.

Nimeisoma barua ya msomaji wenu mmoja toleo lililopita, anayesema waandishi wa riwaya wanaoandika habari za wanyama wanaoongea halafu wanabandika picha, sauti na klipu za vidio ni watu walioishiwa, ati maneno yamewashinda ndo maana wanakimbilia kwenye simu. Nusu ya hasira yake naielewa vizuri sana, mimi mwenyewe kazi yangu ni kusoma vitabu vya sauti na nitaeleza huko chini nimekutana na nini. Ila ile nusu nyingine, kwamba huu mchanganyiko ni ugonjwa wa zama za simu, hapana jamani, hapo kateleza.

Kalila na Dimna, kile kitabu cha kale cha hadithi za wanyama, wengi tunakijua, wale mbweha wawili wenye maneno mengi kwenye baraza la simba. Ibn al-Muqaffa aliyekiweka kwa Kiarabu karne ya 8 anasema mwenyewe kwenye utangulizi wake kwamba lengo mojawapo la kitabu ni kuonyesha sura za wanyama kwa rangi za kila namna ili nyoyo za wafalme zifurahi, na kikishapendwa watu watakitaka na kitanakiliwa sana. Sasa huyo naye tuseme maneno yalimshinda? Mtu alishawaza mnyama, picha na wasomaji kwa pamoja zaidi ya miaka elfu moja kabla umeme haujawa kitu.

Lakini ninayetaka hasa kumleta hapa ni E.T.A. Hoffmann, Mjerumani, mchana hakimu Berlin, muda mwingine anatunga muziki, mwingine anachora, mwingine anaandika hadithi za kutisha. Mwishoni mwa 1819 akatoa juzuu ya kwanza ya riwaya inayosimuliwa na paka anaitwa Murr. Huyu paka amejifundisha kusoma na kuandika na anajiona ni msomi mkubwa ambaye dunia imechelewa tu kumtambua, kwa hiyo anaandika wasifu wake. Na karatasi ya kukaushia wino na ya kuwekea chini anaitoa wapi? Anachana kitabu cha bwana wake, maisha ya mwanamuziki mmoja anaitwa Kreisler. Muswada unafika kwa wachapaji, wachapaji hawaulizi, wanachapa vyote kama vilivyo, paka na karatasi zake za kuchana. Ndo kitabu anachoshika msomaji. Paka anaeleza ukuu wake, katikati ya sentensi inakatika, unaangukia kwenye kisa cha Kreisler ambacho nacho kimeanza katikati, unaanza kukizoea, kinakatika, paka anarudi na kumalizia sentensi yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu utangulizi. Paka kaandika tangulizi mbili, moja ya unyenyekevu, mwandishi mchanga anayetetemeka kukabidhi kazi yake kwa wasomaji, na nyingine ya majivuno matupu ambayo haikutakiwa itoke kabisa. Zote zimechapwa, moja baada ya nyingine, na chini yake mhariri wa kitabu, yaani Hoffmann akijifanya mhariri, anaomba radhi kwa bahati mbaya hiyo. Mimi kila nikifika hapo nacheka upya. Uangalie sasa huo utani uko wapi, maana neno lenyewe halichekeshi, kinachochekesha ni kwamba ukurasa ambao haukupaswa kuwepo upo. Utani umefanywa na uchapaji. Na michoro ya jalada kachora mwenyewe, Murr ameshika kalamu yuko mezani, kavaa kama mheshimiwa.

Na hakuishia kwenye kitabu. Hoffmann alikuwa na paka wa kweli, jina hilohilo Murr, akafa Novemba 1821 wakati juzuu ya pili inamaliziwa. Hoffmann akawaandikia marafiki zake taarifa za msiba, na mwisho wa juzuu ya pili akawaambia wasomaji kwamba mwandishi paka amefariki. Sasa hapo riwaya ni ipi na maisha ni yapi? Kilio kilikuwa cha kweli na utani ulikuwa wa kweli, vyote kwenye kikaratasi kimoja. Hoffmann mwenyewe alifariki mwaka uliofuata na juzuu ya tatu aliyoiahidi haikuja kamwe.

Kingine kilichonifurahisha ni Natsume Sōseki kule Japani. Januari 1905 alitoa kisa kifupi kwenye jarida, msimulizi paka asiye na jina anayeishi kwa mwalimu, kilikusudiwa kuwa kimoja tu basi, watu wakakipenda akaombwa aendelee, akaendelea mpaka Agosti 1906 kikawa riwaya nzima. Kuna mahali paka anaiba kitumbua cha mchele wa kunata cha mwaka mpya, meno yananasa, hakitoki na hakimezeki, anasimama kwa miguu ya nyuma anapapatika na mikono usoni, na kichwani mwake muda wote huo anatoa kanuni za maisha, kanuni ya kwanza, ya pili, kama mhadhiri. Familia inaingia inamkuta anacheza dansi, wanacheka mpaka basi. Ndani falsafa, nje dansi. Na yule paka wa kweli wa Sōseki alipokufa 1908, naye Sōseki akawatumia wanafunzi wake kadi za posta za kuwajulisha msiba! Waandishi wawili, nchi mbili, karibu miaka tisini katikati yao, na wote wawili wameitoa hadithi nje ya kitabu kwa taarifa ya msiba. Hao ndo wangekuwepo leo tungewaona kwenye simu zetu kila asubuhi, na msomaji wenu angewakasirikia.

Beatrix Potter wa Uingereza, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, nitampitia haraka maana anajulikana, ila watu wanamchukulia kama bibi wa sungura wazuri tu. Sungura wake alianza kama barua yenye michoro kwa mtoto mgonjwa 1893, wachapishaji wakakataa kitabu, akachapa nakala 250 kwa pesa yake 1901, mwaka uliofuata ndo kampuni ikakichukua, na Desemba 1903 keshasajili haki ya mwanasesere wa sungura huyohuyo, aliyemshona mwenyewe. Biashara sawa. Lakini tazama kalamu yake na brashi yake zinavyogawana kazi: sungura akiwa na koti na viatu anatembea wima kama mtu, viatu vikipotea anarudi chini kwa miguu minne na mbio zinaongezeka, mpaka vifungo vya koti vinanaswa kwenye wavu, na anaponea kwa kuliacha koti. Huhitaji kuambiwa kwamba ustaarabu wake wote ulikuwa kwenye koti na viatu. Picha imesema. Ukiondoa picha pale, hujapunguza mapambo, umepunguza hadithi.

Na wa karibu zaidi na zama zetu ni Walter Moers, Mjerumani naye, dubu wake wa rangi ya bluu alikuwa keshajulikana kwenye televisheni ya watoto, babu anayewapiga wajukuu fiksi za baharini, kabla hajamwandikia riwaya 1999, zaidi ya kurasa mia saba na michoro yote kachora yeye. Dubu ana maisha 27 na kitabuni anasimulia 13 na nusu tu, yaliyobaki hasemi. Kichwani ameingiziwa ensaiklopidia nzima na profesa wake, na hiyo ensaiklopidia inajifungua yenyewe wakati mbaya, dubu yuko hatarini anataka kujua akimbie au akae, yenyewe inamsomea maelezo marefu ya kitaalamu yasiyomsaidia. Yaani wale tunaofungua simu kutafuta jambo la haraka tunajijua.

Sasa nije kwenye ile nusu ninayokubaliana nayo. Rafiki yangu ana muswada, bado haujatoka, nimepewa niusome kwa sauti. Msimulizi ni mbuzi wa wakili mmoja, amekula mafaili mengi ya bosi wake mpaka anajiona ni mwanasheria. Nyaraka anazihukumu kwa ladha, hati ya kiwanja ngumu kutafuna lakini inashibisha, barua ya mapenzi laini ila inaacha uchungu kooni, risiti haina kitu. Na huyu mbuzi hata siku moja hasemi kwamba amelia. Anasema "nikasimama nikatoa hoja yangu", halafu anashangaa kwa nini mteja kacheka, anadhani ni wivu wa kitaaluma. Kuna sehemu nyingine amekula ukurasa wa kitabu chake mwenyewe kwa hiyo sentensi inakatika katikati ya neno, na rafiki yangu, ambaye Hoffmann anamjua vizuri, aliandika pembeni kwamba hapo isikike sauti ya kutafuna, sekunde mbili, kisha niendelee na ukurasa unaofuata.

Nikarekodi. Faili liliporudi kutoka kwa waliotakiwa kulisafisha, kutafuna kote kumefutwa, ati wasikilizaji watadhani faili limeharibika, na zile sentensi zilizokatika zimepakwa muziki laini ili ziunganike vizuri. Na kila mbuzi anapotoa hoja, wameweka "mee". Kila hoja, mee! Sasa msikilizaji atacheka nini wakati keshaambiwa jibu? Utamu wote ulikuwa kwenye ile nafasi kati ya anachodhani mbuzi na anachosikia mteja, na hiyo nafasi ni ya msikilizaji aijaze mwenyewe kichwani, ukimjazia umemnyang'anya. Sauti ya kutafuna ilikuwa inasema kitu ambacho mbuzi hawezi kukisema bila kujiaibisha. Sauti ya mee inasema kitu ambacho wote tulishakijua. Zote mbili ni sauti za mbuzi, zote zimetoka kwenye mashine ileile, na tofauti yake ndo tofauti ninayoiona kati ya hao waandishi niliowataja na hizi programu za hadithi za kwenye simu ambapo ukimgusa tembo anapiga tarumbeta na ukimgusa tena anapiga tena.

Kwa hiyo msomaji wenu asiwalaumu waandishi wanaochora na kurekodi, mara nyingi kinachomkera kimeongezwa na watu wengine kabisa, baada ya mwandishi kukabidhi kazi. Na nyie mhariri, kwenye zile kurasa zenu za uchambuzi wa vitabu, kitabu kikija na picha au sauti mnaandika "kimepambwa vizuri" au "kina ubunifu" mnapita, hamtuambii hiyo picha inafanya nini na kama ikitoka kuna kitakachopungua. Mkianza kuuliza hivyo hata hao wa kubandika milio watajifikiria mara mbili, maana wanasoma gazeti lenu, najua.

Kuhusu mbuzi tumebishana sana kwa simu. Kutafuna wamekubali kukurudisha, muziki wa katikati wamekubali kuutoa, ila mee wanasema hawawezi kuitoa yote, watapunguza sauti. Bado sijasaini.

Wenu,
Msomaji wa vitabu vya sauti