Asante, fundi nisiyekujua jina

Fundi, sijui jina lako, lakini asante sana. Skuta yangu ya mtumba ilikuwa inawaka vizuri, halafu inazima kila nikivuta mafuta. Wengine walishanishauri ninunue pistoni mpya. Wewe ukasema nianze na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa: nifungue bakuli lake la chini, nitoe jeti, yaani kipande kidogo chenye tundu la kupitisha petroli, niiangalie kwenye mwanga. Kweli, kitundu chenyewe, chembamba kama unywele, kilikuwa kimezibwa na utando wa petroli iliyolala. Ukanikataza kukichokonoa kwa waya, maana kikipanuka injini itakunywa mafuta kupita kiasi. Nikatumia dawa ya kusafishia na upepo tu. Mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na zile roli (vizito vya mviringo vinavyousogeza mkanda kubadilisha gia) zilizolika upande mmoja, nimebadilisha pia, na sasa inapanda kilima bila kukohoa. Kwa uvumilivu wako wote, Mungu akuzidishie.