Barua kwa mwanangu aliyesema sanamu za siku hizi si sanaa

Mwanangu mpenzi,

Ile picha ya Venus wa Milo, ile sanamu ya kale ya Kigiriki ya mungu wa kike, uliyonitumia kutoka makumbusho ya Louvre huko Paris nimeiona, na meseji yako nayo nimeisoma, eti hii ndo sanamu, hivi vya siku hizi ni vyuma tu vimekunjwakunjwa watu wanauziana. Ningekujibu huko huko WhatsApp lakini hili jambo nalipenda mno, maneno mawili matatu hayatoshi, basi nimekaa nikuandikie.

Venus ni mzuri, hapo hatugombani. Mrefu zaidi ya mita 2, mkulima alimfukua kisiwani Milos mwaka 1820, na mpaka leo anayefika mbele yake hapiti hivi hivi. Lakini hebu mwangalie mabegani. Hana mikono, si ndio? Na sijasikia mtu akisema maskini, kilema. Watu wanatoka nchi za mbali wanapanga foleni kumuona, wanasema huu ndo uzuri wenyewe.

Sasa wewe mwaka 2005 ulikuwa bado mtoto wa kubebwa huwezi kukumbuka, hapa London pale Trafalgar Square kuna kitako cha mawe ambacho sanamu huwekwa kwa kupokezana, mwaka huo wakaweka ya marumaru nyeupe, urefu kama mita 3 na nusu, jiwe la Carrara kule Italia ambako Warumi nao walikuwa wakichimba. Ilikuwa ya Alison Lapper, yeye mwenyewe ni msanii, kazaliwa hana mikono na miguu yake ni mifupi, na pale amekaa uchi, mja mzito. Kazi ya mchongaji Marc Quinn. Yaani maneno yaliyosemwa mwanangu! Wengine eti haifai kuwekwa hadharani, wengine eti inatisha, na hapo hapo juu kabisa ya nguzo yuko Nelson, yule kamanda wa meza za vita wa Uingereza, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa vitani mwaka 1797 na hakuna anayelalamika. Quinn wazo lilimjia makumbusho, aliona watu wanavyozisifia sanamu za kale zilizovunjika, akajiuliza mtu aliye hai mwenye umbo kama lile je, watamtazama vipi. Mimi nilisimama pale nikamwangalia mpaka miguu ikachoka, shingo imenyooka, uso umetulia, hana haja na huruma ya mtu. Toka hapo Venus nikimtazama namtazama vingine kabisa, nawaza uzuri tunaousema uko kwake au uko kwenye ruhusa tuliyompa kwa sababu ni wa kale na ni jiwe. Na swali hilo sikulipata kwa Venus, nililipata kwa hiyo ya siku hizi unayoidharau.

Halafu unaongea kana kwamba ya zamani na ya sasa ni mahasimu. Hapo hapo Louvre katafute Hermafrodito aliyelala, sanamu ya mwenye mwili wa kike na wa kiume kwa pamoja. Mwili ni kazi ya Kirumi iliyofuata mfano wa Kigiriki, lakini lile godoro alilolalia ni la karibu mwaka 1620, Kadinali Scipione Borghese alimpa kazi mchongaji Bernini, kijana wa miaka ishirini na kidogo tu, amtengenezee kitanda. Godoro limebonyea pale mwili ulipolemea, unataka kulishika kwa mkono na ni jiwe tupu. Nani alisema Bernini asiguse cha wazee? Wakati ule yeye ndo alikuwa wa kisasa.

Na jumba la huyo huyo Borghese kule Roma, ambalo sasa ni makumbusho, mwaka 2025 wakamwita msanii Wangechi Mutu wetu, mzaliwa wa Nairobi. Ndani kazi zake nyingine akazining'iniza juu ili zisizibe za zamani, na nje mbele ya jumba wakakaa wanawake wake wawili wa bronzi. Hao aliwatengeneza mwaka 2019 kwa ajili ya makumbusho ya Met kule New York, walikuwa wanne, ukuta wa mbele una nafasi nne zilizojengwa za kuweka sanamu na zilikaa tupu toka 1902. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri. British Museum kuna mwanamke wa marumaru kutoka Athene, mmoja wa wale sita waliokuwa wameshikilia paa la hekalu la Erechtheion kwa vichwa vyao, Lord Elgin, balozi wa Uingereza, ndo alimbeba akamleta huku. Amesimama wima, goti moja limelegea kidogo chini ya nguo, unaona kabisa kwamba ule mzigo anauweza. Kongo nako Waluba walichonga viti vya wakubwa, na chini ya kiti ni mwanamke amekibeba kwa kichwa na mikono. Wangechi akawatazama wote hao, halafu wa kwake akawakalisha. Hawajabeba paa wala mfalme, wamekaa tu wima na sahani zinazong'aa vichwani zinarudisha jua barabarani. Ukiwaona peke yao utasema mapambo hayo. Ukishamuona yule wa Athene utaelewa kwa nini mimi machozi yalinitoka.

Sikwambii upende kila kitu. Zile za Jeff Koons, msanii wa Marekani, Hercules wa plasta na mpira wa kioo cha buluu begani, mimi hazinigusi hata kidogo. Na huo weupe unaousifu wa Wagiriki, mwanangu, sanamu zao nyingi zilipakwa rangi, na Venus wako alivishwa vipuli na bangili za madini, matundu ya kuvishikizia bado yapo.

Basi fanya hivi, wikiendi nenda tena Louvre, hujafika miaka 26 na unaishi huko kwa hiyo kiingilio bure, Jumanne tu ndo wanafunga. Anza na godoro, lizunguke upande wa pili pia, usikimbilie simu. Ukitoka tafuta maonyesho yoyote ya mchongaji aliye hai, nenda siku hiyo hiyo macho yakiwa bado yana mawe. Kisha nipigie, hata kama hujapenda nataka kusikia ni kipi hasa kilichokukera.

Mamako