Mhakiki mmoja hatoshi kwa mchezo wa lugha nyingi

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni hutangaza michezo ya kuigiza vizuri: siku, ukumbi, bei ya kiingilio. Taabu huanza mchezo ukishachezwa. Mara nyingi kinachochapishwa ni tangazo lilelile la kundi, vitenzi vimepelekwa wakati uliopita, na mwishoni pameongezwa "watazamaji walifurahi". Watazamaji wepi? Walifurahia nini? Kwa Lubumbashi, maswali hayo ndiyo uhakiki wenyewe.

Mji huu ulikusanywa na migodi. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya enzi ya Wabelgiji, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kwingineko, Kiswahili kikawa lugha ya kazini, kisha ya mtaani. Jukwaani ni hivyohivyo: mwenye nyumba anaingia na Kifaransa chake, anadai kodi kwa Kiswahili, mpangaji anamjibu kwa wimbo wa Kibemba. Viti vya mbele, walipo waalikwa, vinachekea Kifaransa. Mabenchi ya nyuma yanalipuka kwenye wimbo. Mhakiki aliyeketi mbele anaandika kwamba wimbo ulirefusha mchezo bure.

Tunapendekeza wahakiki wawili kwa kila mchezo, wasiozaliwa katika lugha moja. Mmoja akae katikati, mwingine nyuma. Waandike kwa penseli, kwani mwanga wa simu huwaudhi wachezaji, na watie alama kila lugha inapobadilika: nani kabadili, anasema na nani, kicheko kimeanzia upande gani. Walinganishe daftari zao kabla ya kusoma karatasi ya maelezo ya kundi. Wakishaisoma, watasikia yale tu iliyowaambia.

Tena watazame mara mbili. Michezo mingi ya hapa haina maandishi kamili. Kundi la Mufwankolo, la waigizaji wa hapa Lubumbashi, lilifanya kazi hivyo: kisa na mpangilio vinakubaliwa, maneno yanapatikana mazoezini na jukwaani. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alilifuata kundi hilo hatua kwa hatua, akaandika jinsi mchezo mzima ulivyozaliwa kutokana na methali moja. Anayetazama usiku wa kwanza peke yake anahukumu rasimu. Na usiku huo, kama mnavyojua, hotuba hula muda na wachezaji wanakimbiza mwisho.

Kuna na jenereta. Umeme ukikatika, mashine inawashwa nyuma ya ukuta, wachezaji wanapaza sauti, na maonyesho ya kunong'ona yanakufa. Kesho yake wanaandikiwa kwamba "wanapiga kelele". Mhakiki aandike dakika jenereta ilipowashwa, alinganishe uchezaji wa kabla na wa baada. Hapo atajua alaumu nani.

Gumu zaidi ni lafudhi. Mtu wa Kasai mbahili, mwanakijiji asiyejua gari: wahusika hawa huchekesha haraka, ndiyo maana makundi huwakimbilia. Lakini katika mkoa ambako watu wa Kasai walifukuzwa majumbani mwao mwaka 1992 na 1993, lafudhi hiyo si mzaha tu. Kipimo chetu ni chepesi: mwondolee mhusika lafudhi yake. Akibaki na tamaa, woga, hila zake, mchezo umemjenga. Asipobaki na kitu, iandikwe wazi kwamba kilichochekwa ni kabila. Hapa ndipo wahakiki wawili hufaa kuliko popote, hasa mmoja wao akiwa wa jamii inayochekwa.

Chama cha kimataifa cha wahakiki wa tiyatri, AICT, kilichoanzishwa Paris mwaka 1956, kimejengwa juu ya matawi ya nchi. Ni sawa, ila lugha zetu hazisimami Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wimbo wa Kibemba unaotushinda hapa, mhakiki wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, anaweza kuueleza. Wimbo wa Mashi, lugha ya Washi wa Kivu, katika mchezo wa Bukavu utatupita sisi sote. Mduara wa wahakiki wa Lubumbashi, Bukavu, Kitwe na Bujumbura hauhitaji ofisi. Unahitaji tabia ya kutumiana dakika mbili za sauti kwenye simu, na ya kutaja katika makala nani aliyetufafanulia.

Kwenu tunaomba mambo mawili. Gazeti lilipe kiingilio na nauli, kwa sababu anayepokea kupaje, yaani bahasha ya fedha, kutoka kwa kundi hana la kusema juu ya kundi hilo. Na tupewe maneno 500 kila wiki: mwanzoni jina la mchezo, kundi, ukumbi, urefu na lugha zilizosikika; muhtasari usiozidi robo, bila kutoboa mwisho; onyesho moja lililoelezwa kwa kina; kisha hukumu pamoja na ushahidi wake. Wahakiki wasipoafikiana, zichapwe hukumu zote mbili. Uhakiki wa mchezo wa Jumamosi na Jumapili unaweza kuwa mezani kwenu Jumatatu kabla ya saa sita mchana, ukiwa na majina mawili chini yake.

Wapenzi wa tiyatri,
Lubumbashi