Mdogo wangu, mboga ndiyo chakula sasa

Mdogo wangu,

Juzi usiku uliponiambia umeyapandisha makopo ya protini juu ya kabati na hutaki kuyaona tena, nilicheka, kisha nikaona aibu. Ile harufu ya vanila naijua. Mimi ilinishinda wiki ya tano. Nikifungua kifuniko tu mate yanajaa mdomoni, namwaga kila kitu kwenye sinki, halafu nakaa kwenye stuli ya jikoni napiga hesabu ya pesa iliyotiririka na maji.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu hatuko wawili tu. Wapo wengi waliokatwa tumbo ili wapunguze uzito kama sisi, wengine waliaga kwamba wanasafiri kikazi, na wote wanaulizana jambo lilelile: bila sheki, protini nitaitoa wapi?

Utaitoa jikoni kwako. Ila kuna kitu itabidi ukigeuze kichwani kwanza. Kwetu chochote kinachosindikiza ugali ni mboga. Mtu kachinja kuku mzima, ukimuuliza leo mboga nini, anakujibu kuku. Ugali ndiyo chakula, vingine vyote ni vya kuusukuma. Sasa sisi karibu asilimia 80 ya tumbo imeondolewa, kilichobaki ni kitu chembamba kama ndizi. Ukitanguliza matonge mawili ya ugali umeshajaa, na samaki anabaki sahanini anakutazama. Kwa hiyo geuza. Samaki ndiye chakula. Ugali ukipata nafasi mwishoni, sawa, usipopata hujapungukiwa kitu.

Hospitali niliyofanyiwa mimi walinipa karatasi nzuri ya rangi, imejaa bata mzinga na majibini ambayo hata majina yake sikuyajua. Bata mzinga nimemwona mara moja maishani, uani kwa watu Morogoro, na alinikimbiza. Ile karatasi ilinipotezea mwezi mzima. Nilidhani kama sina vile vyakula basi sina budi kunywa makopo, kumbe yai lilikuwa kwenye trei hapo hapo.

Wengi wetu tunaambiwa tufikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Lako litategemea mwili wako na vipimo vyako, hasa kama figo zina historia, kwa hiyo namba yako aitaje anayekutibu. Mimi nakupa makadirio tu ya protini: yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Samaki aliyeiva, kipande cha gramu 60, unapata kama 13. Kidari cha kuku gramu 50, kama 14 au 15. Nunua mizani ndogo ya jikoni, upime wiki mbili tu, baada ya hapo jicho litakuwa limezoea.

Samaki ndiye aliyeniokoa. Si wa kukaanga, yule mkavu anakwama. Chukuchuku. Nilikuwa namwambia kijana wa soko la samaki la Feri anikatie samaki aina ya changu vipande, naweka sufuriani na nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi kidogo, maji yamfunike, moto mdogo. Akiiva nyama inaachana na mwiba yenyewe. Naiponda na uma ndani ya mchuzi wake mpaka inakuwa laini, nakula kwa kijiko cha chai. Kijiko cha chai, mdogo wangu, si kile cha wali! Unaweka mdomoni, unakilaza kijiko mezani, unatafuna mpaka hakuna cha kutafuna, ndipo unakinyanyua tena. Sahani ndogo inachukua dakika 20 na zaidi. Shemeji yako alikuwa anamaliza kula, anaosha mikono, anaangalia taarifa ya habari, mimi bado nipo na changu wangu.

Na usishushie. Najua tumelelewa na glasi ya maji pembeni ya sahani. Maji yanajaza nafasi ya chakula. Kunywa kabla, halafu ukishamaliza kula subiri nusu saa.

Kuku nilijifunza kwa kuumia. Harusini kwa binamu yetu, mwezi wa tatu tangu upasuaji, nilijisahau nikatafuna paja la kuku wa kienyeji aliyekaangwa, harakaharaka huku naongea. Likakaa hapa, katikati ya kifua. Mate yakaanza kuja mazito yenye povu, nikatoka mbio na kitenge changu kipya mpaka nyuma ya maturubai. Nilikohoa pale hadi machozi. Tangu siku hiyo mimi, niliyekuwa nawacheka wanaokula kuku wa kisasa, ndiye mteja wake mkubwa. Ni laini. Namchemsha, namchambua nyuzinyuzi, namrudisha kwenye rosti lenye maji maji. Kiporo cha kuku bila mchuzi usikiguse, kinakauka kama kamba.

Sasa nikuonye juu ya vitu viwili ambavyo mama atakuletea kwa mapenzi yake yote. Cha kwanza supu ya kongoro. Tamu, inateleza, inatia joto, lakini mchuzi wenyewe protini yake ni kidogo, na ile inayogandagandisha si kamili, hailingani na ya nyama au yai. Inywe kama kinywaji, usiihesabu. Cha pili uji wa lishe. Jina linadanganya. Humo mna mahindi, mtama, ulezi, mchele, karanga kidogo na soya kidogo, halafu anatia sukari. Tumbo la ndizi likishajaa uji, umekula wanga. Mwambie mama asante, unywe vijiko viwili asinune.

Maharage na choroko ni vizuri, ila nusu kikombe kinakupa kama gramu 7 tu, na nusu kikombe ndiyo karibu nafasi yako yote kwa sasa. Anza navyo kidogo, vilivyopondwa, baada ya samaki au yai. Karanga zina mafuta mengi, uzito utasimama na hutajua kwa nini.

Dagaa je? Hapo ndipo napopapenda. Chukua dagaa wakavu, toa vichwa, osha mchanga wote, anika tena au kausha kwenye kikaango bila mafuta, saga mpaka unga. Zaidi ya nusu ya uzito wa ule unga ni protini. Gramu 10 ukizikorogea kwenye mchuzi wa nyanya umeongeza kama gramu 6 bila kujaza tumbo. Harufu ipo, sitakudanganya. Tangawizi na ndimu vinasaidia.

Na mtindi. Ule usio na sukari, umwage kwenye kitambaa cheupe safi, funga, ning'iniza ndani ya friji usiku kucha juu ya bakuli. Asubuhi unakuta kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko, na gramu 100 zake zinakupa kama 9. Kama maziwa freshi yanakusokota siku hizi, mtindi huenda ukakaa vizuri zaidi.

Siku yangu ya wakati ule ilikuwa hivi: yai moja la kuvuruga saa moja asubuhi, mtindi mzito saa nne, chukuchuku saa saba, glasi ya maziwa nanywa kidogokidogo saa kumi, kuku na mchuzi wa dagaa saa moja usiku, mtindi tena kabla ya kulala. Piga hesabu, inakuja kama 65. Siku nyingine nilifika 48 nikalala zangu.

Uliniuliza pia kuhusu nywele. Mimi zilianza kubaki kwenye kitana mwezi wa nne. Mwili ukishtuliwa na upasuaji na uzito kushuka haraka, nywele hudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na protini, chuma au zinki vikipungua inazidi. Zangu zimerudi. Vidonge vya vitamini usiviache, vile havina mbadala jikoni. Ukitapika siku mbili mfululizo, au maji hayakai, usinipigie mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vitamini B1 huisha haraka mwilini na kukosekana kwake huharibu neva.

Hayo makopo ulipaswa kumuuliza mtaalamu wako wa lishe kabla ya kuyapandisha kabatini. Wiki zile za vimiminika tupu baada ya upasuaji yalikuwa na kazi yake. Muulize hata sasa, umpelekee na orodha ya unachokula.

Jumamosi nakuja na kitambaa na changu wawili. Makopo yaliyobaki usiyatupe, shemeji yako ameanza jimu, atayanywa.

Dada yako